Istilahi na Nafasi: Migao ya Diski katika Seva ya Hifadhidata ya Lugha

1.0 Utangulizi

Idara nyingi za lugha katika vyuo vyetu zimekwisha kuachana na visanduku vya kadi. Kidahizo ambacho zamani kiliandikwa kwa kalamu na kupangwa kialfabeti katika droo, leo huingizwa katika hifadhidata, na hifadhidata hiyo hukaa katika seva ambayo mara nyingi mwanaisimu mwenyewe hajapata kuiona. Manufaa ya mabadiliko haya hayana haja ya kuelezwa hapa. Lakini sanduku la kadi lilikuwa na fadhila moja ambayo seva haina: droo ilipojaa, kila aliyepita aliiona imejaa. Diski hujaa kimyakimya, na mara nyingi mtu wa kwanza kupata habari ni yule anayejaribu kuhifadhi kidahizo chake akakataliwa.

Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji wa isimu jinsi nafasi ya diski inavyogawanywa na kutunzwa katika seva ya hifadhidata. Tumeona suala hili lina mahali pake katika jarida la Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, data ya lugha ina tabia zake katika kula nafasi, na tabia hizo anazijua mwanaisimu kuliko fundi. Pili, na hili ndilo shina la hoja yetu, hasara nyingine kubwa zitokeazo diski inapojaa hutokana na majina. Mtu aliyefikwa na dharura hutafuta cha kufuta. Hana muda wa kusoma kitabu, bali husoma jina la kitu na kuamua. Jina likimpotosha, hufuta kisichofutika.

Mifano yote tunaitoa katika programu ya PostgreSQL inayoendeshwa juu ya mfumo wa Linux. Programu hii ilianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Profesa Michael Stonebraker, ikachukua jina lake la sasa mwaka 1996. Hutolewa bure, na kwa sababu hiyo ni chaguo la kawaida kwa taasisi zisizo na fedha nyingi, yaani taasisi kama zetu.

2.0 Dhana ya mgao

Diski moja inaweza kukatwa katika sehemu kadhaa, na kila sehemu ikatendewa na kompyuta kama diski kamili yenye mpaka wake. Sehemu hiyo tutaiita mgao, wingi migao. Neno hili lina kasoro moja: mkazi wa Dar es Salaam alisikiapo "mgao" hukumbuka kwanza saa za giza na jenereta za majirani. Hata hivyo maana ya msingi ni ileile, yaani kila mmoja kupewa kiasi chake asichoruhusiwa kukizidi, na tunaona ni afadhali kutumia neno lililo hai kuliko kubuni jipya litakaloishia katika orodha za istilahi tu.

Kwa nini diski igawanywe? Mkulima mwenye vihenge viwili, kimoja cha chakula na kimoja cha mbegu, anaelewa jibu bila kuelezwa. Akichanganya vyote katika kihenge kimoja, watoto watakula hadi mbegu, wala hapana atakayekuwa amekosea, kwa kuwa hapana aliyeona mpaka. Katika seva, kitu kimoja chenye tabia ya kuvimba, kwa mfano mafaili ya ripoti, kikiachwa katika mgao mmoja na data, kitakula nafasi ya data.

Seva ndogo ya idara hufaa iwe na migao isiyopungua minne: wa mfumo endeshi na programu, wa data yenyewe, wa daftari la awali, ambalo tutalifafanua katika sehemu ya 5.0, na wa nakala za akiba. Huu wa mwisho kwa kweli unapaswa kuwa katika diski nyingine kabisa, tena ikiwezekana katika jengo jingine, kwani diski ikifa hufa na migao yake yote. Tumewahi kuona katika taasisi moja nakala za akiba zikitunzwa kwa nidhamu ya kupigiwa mfano kila usiku, katika diski ileile ya data.

Ukubwa wa migao si lazima uwe wa kudumu. Zamani mipaka ilichorwa siku diski ilipofungwa na kuibadili kulikuwa kazi ya hatari. Isitoshe, utaratibu wa zamani wa kuorodhesha migao ulihesabu sekta za baiti 512 kwa nambari za biti 32, hivyo haukuweza kufikia zaidi ya baiti 2,199,023,255,552. Siku hizi Linux huweka tabaka kati ya diski na migao, liitwalo LVM kwa kifupi, ambalo huwezesha mgao kuongezwa bila seva kuzimwa. Ushauri wa mafundi wazoefu, nasi twaukubali, ni kutogawa diski yote siku ya kwanza. Iachwe sehemu isiyo ya mtu, ili mgao utakaolemewa uongezewe. Kukuza ni rahisi, kupunguza ni taabu. Kwa mfano, mpangilio wa mafaili uitwao XFS hukuzwa kwa amri moja, lakini anayetaka kuupunguza huwa hana budi kuhamisha kila kitu na kuanza upya.

Yapo mambo mawili ya hesabu yanayowasumbua wageni. La kwanza ni kipimo. Muuzaji wa diski huhesabu kwa elfu: terabaiti moja kwake ni baiti 1,000,000,000,000. Kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024, na kwa hesabu hiyo diski ileile ina gigabaiti 931 tu. Hapana aliyeiba. Ni jina moja lililopewa vipimo viwili, na ingawa mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilitoa majina mapya (kibi, mebi, gibi) kwa kipimo cha 1,024, majina hayo hayajazoeleka midomoni mwa watu. La pili ni akiba iliyofichika. Mpangilio wa mafaili uitwao ext4 hutenga asilimia 5 ya kila mgao kwa ajili ya mtumiaji mkuu wa mfumo. PostgreSQL haiendeshwi kwa jina la mtumiaji mkuu, kwa hiyo nafasi hiyo haiifai kitu. Katika mgao wa terabaiti moja hiyo ni gigabaiti 50 ambazo hifadhidata itaambiwa hazipo. Katika mgao wa data inafaa asilimia hiyo ipunguzwe. Katika mgao wa mfumo endeshi iachwe kama ilivyo.

3.0 Data ya lugha hula nafasi kiasi gani?

Tuchukue kipimo cha kongoo, yaani mkusanyo mkubwa wa matini zilizoingizwa katika kompyuta. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, katika toleo lake la pili la mwaka 2016, ina maneno yapatayo milioni 25. Matini ya ukubwa huo, tukikadiria baiti 6 au 7 kwa kila neno pamoja na nafasi inayolifuata, ni megabaiti 150 hadi 175. Hicho ni kiasi kidogo kinachoingia katika simu ya mkononi.

Hali hubadilika mara tu matini hiyo inapoingizwa katika jedwali la hifadhidata kwa utaratibu ambao wanaisimu huupenda, yaani kila neno katika mstari wake, likifuatiwa na umbo lake la msingi, ngeli, na mahali lilipotoka. PostgreSQL huweka kichwa cha baiti 24 mbele ya kila mstari, na kielekezi cha baiti 4 cha kuutafutia. Kiunganishi "na", chenye herufi mbili, hulipa ushuru wa baiti 28 kabla ya kuandikwa herufi ya kwanza. Kwa mistari milioni 25, vichwa na vielekezi peke yake ni megabaiti 700, yaani zaidi ya mara nne ya matini yote. Bado faharasa. Faharasa iliyojengwa juu ya nambari ya kila neno huhitaji baiti 20 hivi kwa ingizo moja, na hiyo ni megabaiti 500 nyingine. Faharasa juu ya maneno yenyewe ina nafuu tangu toleo la 13 la mwaka 2020, kwani ingizo linalojirudia halirudiwi kuandikwa kila mara, na lugha, kama tujuavyo, hurudia maneno machache mno mara nyingi mno. Pamoja na nafuu hiyo, mtafiti anayejenga faharasa kwa kila safu "endapo itahitajika" hujenga mzigo ambao kila ingizo jipya litaulipia.

Maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu nayo yana hesabu yake. Katika mfumo wa uandishi wa UTF-8 kila herufi ya Kilatini tunayoitumia katika Kiswahili huchukua baiti 1, na kila herufi ya Kiarabu baiti 2, irabu zinazowekwa juu au chini zikihesabiwa kila moja peke yake. Silabi "ba" ni baiti 2 kwa hati za Kilatini, na baiti 4 kwa hati za Kiarabu zenye irabu. Hili si jambo la kutisha. Tendi zote zilizomo katika maktaba zetu zikinakiliwa hivyo hazitaijaza diski.

Kinachoijaza ni sauti. Saa moja ya mahojiano iliyorekodiwa kwa kiwango cha santuri, yaani vipimo 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili, ni megabaiti 635. Mzee mmoja wa Makunduchi akizungumza saa moja juu ya uvuvi wa pweza anachukua nafasi kubwa kuliko maneno milioni 25 yaliyoandikwa. Kwa maoni yetu mafaili ya sauti na picha za miswada hayapaswi kuingizwa ndani ya majedwali. Yawekwe katika mgao wake, na hifadhidata itunze jina la faili, urefu wake, na alama ya kuthibitisha kwamba halijabadilika. Hapo nakala ya akiba ya hifadhidata itabaki ndogo kiasi cha kuchukuliwa kila usiku, na sauti, ambazo hazibadiliki zikisharekodiwa, zitanakiliwa mara moja tu.

4.0 Kitenzi "futa" na maana zake

Mtu aonapo diski inajaa, wazo la kwanza ni kufuta. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi hiyo, na hapa ndipo tunapoanza kuumia, kwa sababu hifadhidata ina vitendo kadhaa ambavyo sote tunaviita "kufuta" na ambavyo matokeo yake kwa nafasi ya diski hayafanani.

Amri ya DELETE huondoa mistari katika jedwali, lakini hairudishi nafasi. Mstari uliofutwa hubaki pale ulipo, ukiwa na alama kwamba umekwisha muda wake. Sababu ni kwamba wakati mmoja anafuta, mwingine huenda alikwisha kuanza kusoma, na PostgreSQL humhakikishia huyo wa pili kwamba ataona hali kama ilivyokuwa alipoanza. Kubadilisha nako ni vivyo hivyo: mstari wa zamani huachwa na mpya huandikwa pembeni.

Athari ya jambo hili kwa kazi zetu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chukua idara iliyoandika ngeli kwa nambari, 1/2, 3/4 na kuendelea, kisha ikaamua kufuata uainishaji wa kisintaksia, A-WA, U-I na wenzake. Mgogoro huo wa uainishaji tunaujua, hatutaufufua hapa. Mtu akiandika amri moja ya kubadilisha alama hizo katika mamilioni ya mistari, jedwali litakaribia kuwa na ukubwa maradufu kwa alasiri moja, na daftari la awali litavimba pamoja nalo. Dawa haiko katika diski bali katika uchambuzi. Ngeli hazifiki hata 20. Ziwekwe katika jedwali dogo la peke yake, na kila neno lielekezwe huko kwa nambari isiyo na maana yoyote ya kisarufi. Siku nadharia itakapobadilika, na hubadilika, mistari itakayoandikwa upya ni michache ya jedwali lile dogo.

Mistari iliyokwisha muda husafishwa kwa amri ya VACUUM, ambayo tunapendekeza iitwe kufagia. Mfagiaji huondoa takataka ili nafasi itumike tena na jedwali lilelile, lakini kuta za chumba hazisogei: isipokuwa kurasa tupu zilizo mwishoni kabisa mwa jedwali, nafasi hairudishwi kwa mgao. Seva hufagia yenyewe mara mistari mifu inapozidi 50 pamoja na asilimia 20 ya jedwali. Kwa jedwali letu la mistari milioni 25, hiyo ni kungoja hadi mistari mifu izidi milioni 5, na kwa majedwali makubwa asilimia hiyo inafaa ipunguzwe. Tena ufagio hauwezi kupita penye mtu. Mtafiti aliyefungua muamala siku ya Ijumaa, akaenda nyumbani bila kuufunga, huzuia kusafishwa kwa kila kilichofutwa tangu hapo hadi Jumatatu. Toleo la 9.6 la mwaka 2016 lilileta kipimo cha kuifunga miamala iliyolala namna hiyo baada ya muda uliowekwa, nacho kinafaa kutumika.

VACUUM FULL ni jambo jingine, na ni bahati mbaya kwamba limepewa jina linalofanana na la kwanza kana kwamba ni kufagia kwa bidii zaidi. Kwa hakika ni kuhama. Jedwali zima huandikwa upya mahali pengine bila takataka, kisha la zamani huondolewa. Anayehama huhitaji kuwa na nyumba mbili kwa usiku mmoja: jedwali la gigabaiti 40 lenye gigabaiti 25 za data hai huhitaji gigabaiti 25 za nafasi tupu, pamoja na nafasi ya faharasa zake, kabla ya kurudisha chochote. Na muda wote huo jedwali limefungwa, hapana awezaye hata kulisoma. Kwa hiyo dawa hii haimfai aliyekwisha kujaziwa diski. Humfaa yule ambaye bado ana nafasi.

TRUNCATE huondoa mistari yote kwa mara moja, na DROP huondoa jedwali lenyewe. Zote mbili hurudisha nafasi mara muamala unapothibitishwa. Tunapendekeza ya kwanza iitwe kukomba, kama akombavyo mtu chungu kikabaki kitupu lakini ni chungu, na ya pili kung'oa. Futa, komba, ng'oa, fagia, hamisha: vitenzi vitano vilivyo hai, na kila kimoja kinamwambia mtumiaji nini kitabaki baada yake.

Liko na la sita, nalo ni la mfumo endeshi wala si la hifadhidata. Katika Linux, amri ya kufuta faili kwa kweli hufuta jina. Kitu chenyewe hubaki diskini maadamu kuna programu inayokishikilia. Hutokea basi kwamba mtu amefuta faili la gigabaiti 30, orodha haimwonyeshi faili hilo tena, na bado mgao umejaa vilevile. Amri ya du, inayojumlisha mafaili yenye majina, na amri ya df, inayouliza mgao wenyewe, hutoa majibu yanayopingana, na yote mawili ni kweli. Mwanafunzi wa Saussure hatashangaa sana kusikia kwamba kiashiria kimeondoka na kiashiriwa kimebaki. Tiba ni kuifunga programu inayoshikilia, au kuiamuru iliachie faili.

5.0 Jina lililofisha hifadhidata

Tunafika sasa kwenye lile lililotufanya tuandike. Kabla ya kubadilisha chochote katika majedwali, PostgreSQL huandika kwanza badiliko hilo katika mfululizo wa mafaili ya megabaiti 16 kila moja. Majedwali yenyewe huandikwa diskini baadaye, kwa vituo. Umeme ukikatika kati ya kituo na kituo, seva ikiwashwa husoma mafaili hayo na kuyarudia mabadiliko yote yaliyothibitishwa. Baada ya kila kituo mafaili ya zamani yasiyohitajika tena hutumiwa upya au huondolewa na seva yenyewe.

Mafaili haya yalikaa kwa miaka mingi katika saraka iliyoitwa pg_xlog. Jirani yake katika mpangilio wa kawaida ilikuwa saraka ya pg_log, iliyotunza ripoti za seva: nani ameingia, amri gani imeshindwa. Ripoti hizo zikifutwa, hapana linaloharibika. Msomaji anaweza kukisia kilichotokea. Watu waliojaziwa diski, waliozoea kwamba kitu chenye jina la "log" ni ripoti za zamani za kufutwa, waliifuta pg_xlog. Seva haikuwaka tena. Amri ya kuilazimisha iwake ipo, lakini huiwasha hifadhidata ikiwa imepoteza miamala, na huenda majedwali yake hayapatani. Kosa hili lilijirudia kiasi kwamba watengenezaji waliamua kubadili majina: katika toleo la 10, lililotolewa Oktoba 2017, pg_xlog ikawa pg_wal, na nyingine iliyoitwa pg_clog, iliyotunza hali ya miamala, ikawa pg_xact. Programu haikupata kasoro yoyote ya kihesabu. Kilichokarabatiwa ni neno.

Neno lenyewe lina historia inayotuhusu. Kwa Kiingereza maana yake ya asili ni gogo. Mabaharia walifunga kipande cha gogo kwa kamba yenye mafundo, wakakitupa majini kupima mwendo wa chombo, wakaandika kipimo katika daftari; daftari likachukua jina la gogo, na hatimaye kila orodha ya matukio ikaitwa hivyo. Kiswahili cha pwani kina neno batli, ambalo limetumika kwa kipimo cha mwendo wa chombo na pia kwa daftari la safari, yaani limepita njia ileile. Ni neno zuri, na linafaa kabisa kwa ripoti za seva. Batli ikipotea, chombo bado kinaelea. Kilichopotea ni habari za safari.

Kwa sababu hiyohiyo halifai kwa pg_wal. "Kumbukumbu", ambalo hupachikwa kwa urahisi juu ya kila aina ya orodha, linafaa kidogo zaidi hata kuliko batli, kwa kuwa linamweleza msomaji kwamba jambo limekwisha kupita. Yaliyomo katika pg_wal hayajapita. Mfano ulio karibu zaidi ni wa mwenye duka: mauzo huandikwa kwanza katika daftari la awali, kisha jioni huhamishiwa katika leja. Kabla ya jioni, daftari lile ndilo ushahidi pekee, na atakayelichoma ili kupata nafasi mezani amechoma mauzo ya siku. Tunapendekeza basi "daftari la awali", na kwa ukamilifu "daftari la awali la miamala". Ni refu kuliko kumbukumbu, lakini mtu hachomi daftari la awali kwa bahati mbaya.

6.0 Mgao unapojaa

Mgao wa data ukijaa, amri zinazohitaji nafasi mpya hukataliwa, lakini seva huendelea na data haiharibiki. Mgao wa daftari la awali ukijaa, seva huzimika yenyewe, kwani haiwezi kuahidi lolote isiloweza kuliandika. Kuzimika huko ni usalama, ingawa kwa anayekushuhudia hakufanani na usalama.

Daftari la awali halijai bila sababu. Kiasi chake cha kawaida, gigabaiti 1 kwa mipangilio ya mwanzo, ni lengo ambalo seva hujitahidi kulifuata, si ukuta. Huvuka mpaka huo hasa katika hali mbili, mbali na mabadiliko makubwa ya ghafla kama yale ya ngeli. Moja ni kushindwa kwa amri ya kuhamishia mafaili katika akiba: mgao wa akiba umejaa, mafaili hayapokelewi, na seva kwa uaminifu hukataa kuyaondoa mpaka yapokelewe. Hivyo mgao uliojaa ni mmoja na unaoua ni mwingine, na mtu akiangalia pg_wal peke yake hataona kisa. Ya pili ni nafasi iliyotengewa seva ya pili inayonakili kutoka ya kwanza. Seva hiyo ya pili ikiondolewa bila kufuta utengaji huo, ya kwanza itaendelea kumtunzia mgeni asiyerudi. Tangu toleo la 13 kipo kipimo kiitwacho max_slot_wal_keep_size cha kuweka kikomo, lakini kwa mipangilio ya mwanzo hakuna kikomo.

Ziko tahadhari za siku za kawaida. Mgao ukifikia asilimia 80, mtu apate ujumbe, na mtu huyo awe na jina, si "idara". Katika mgao wa data na wa daftari la awali liwekwe faili tupu la gigabaiti moja au mbili lisilo na kazi yoyote. Siku ya dharura faili hilo hufutwa kwanza, na fundi hupata pumzi ya kutafuta sababu. Tunashauri lipewe jina la Kiswahili lisilo na utata, kwa mfano FUTA_HILI_KWANZA.

Na siku ya dharura yenyewe, kisiguswe kitu ndani ya pg_wal. Kwanza itazamwe amri ya kuhamishia akiba na utengaji wa seva nyingine. Kisha batli za zamani ziondolewe. Kisha mgao ukuzwe kutoka katika ile nafasi isiyo ya mtu. Ikiwa hakuna nafasi iliyobaki, saraka nzima ya pg_wal inaweza kuhamishiwa diski nyingine seva ikiwa imezimwa, na mahali pake pakawekwa kiungo kinachoelekeza huko. Mafaili yake yote yahamishwe, kwa majina yaleyale. Seva ikiwashwa itasoma daftari la awali kuanzia kituo cha mwisho, jambo linaloweza kuchukua sekunde chache au dakika kadhaa, na kila kidahizo kilichothibitishwa kabla ya kuzimika kitakuwapo mahali pake.